Uzoefu wangu na reflekta ya nyuso tano: miezi minane ya kujipiga picha sebuleni

Nimeishi na reflekta hii, kifaa cha kuurudisha mwanga kwa anayepigwa picha, miezi minane sasa, muda unaotosha kuisema kwa mazuri na mabaya yake. Ni ile ya duara inayokunjwa, kipenyo chake sentimeta 110. Katikati ina kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha mwanga, na juu yake inavalishwa gamba la zipu lenye rangi nne: fedha, dhahabu, nyeupe na nyeusi. Ndiyo maana wanaiita ya nyuso tano. Niliinunua kwa kazi moja tu, nipate picha yangu niliyojipiga mwenyewe nyumbani, ambayo sitaona haya kuitundika ukutani.

Chanzo ni mwanangu. Alichukua simu yangu, akatazama selfi niliyokuwa nimejipiga asubuhi ile, akaniuliza, "Mama, mbona hapa pua yako imekuwa kubwa?" Nikamwambia ni kamera. Akanitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama tena, kisha akasema, "Basi kamera haikujui." Maneno yale yalinikaa kichwani siku nzima. Nina picha mamia kwenye simu, na kweli, hakuna hata moja ambayo ningemwachia mtoto nikamwambia huyu ndiye mama yako.

Lile la pua lina maelezo yake, na ni vizuri mtu akalijua kabla ya kununua chochote. Kamera ikiwa karibu sana na uso, kilicho mbele huvimba na kilicho nyuma hukimbia: pua inakua, masikio yanajificha. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2018 ulioonyesha kuwa picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimeta 30 huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ile iliyopigwa kwa mita moja na nusu. Urefu wa mkono wangu hauvuki sentimeta 60. Kwa hiyo dawa ya kwanza haikuwa ya kununua. Niliitoa simu mkononi, nikaiegemeza kwenye rafu ya vitabu, baadaye kwenye tripodi, nikarudi nyuma mita mbili, nikatumia kamera ya nyuma na taima ya sekunde 10. Pua yangu ikarudi nyumbani.

Lakini picha ilikuwa bado imelala. Uso ulikuwapo, mimi mwenyewe sikuwapo. Nikadhani nahitaji mwanga zaidi.

Hapo ndipo nilipopotea miezi mitatu. Nilianza na taa ya duara, ile ambayo simu hukaa katikati yake. Sitaisema vibaya kwa wanaojirekodi video. Inawasha uso vizuri na haina usumbufu. Kwa picha ya uso, kwangu ilikuwa janga. Mwanga unatoka mbele moja kwa moja, unafuta kila kivuli, na uso unakuwa sahani. Ndani ya mboni za macho kunabaki pete mbili nyeupe ambazo kila mtu anazitambua. Na mimi ngozi yangu ni nyeusi hasa, hivyo taa ile ndogo iliyo karibu ilinipa madoa makali ya kung'aa kwenye paji la uso na ncha ya pua, huku mashavu yamebaki bila umbo lolote. Nikapaka poda. Madoa yakapungua, nami nikaonekana kama nimepakwa vumbi.

Niseme jambo moja hapa kwa sababu limewaumiza wengi. Nilikua nikiamini kwamba ngozi yangu "haishiki picha". Kila picha ya pamoja ya shule, mimi na wenzangu weusi tulionekana meno na macho tu. Baadaye nilisoma kwamba kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ni katika miaka ya 1990 ndipo zilipotoka kadi zenye wanawake wa rangi tofauti za ngozi. Kumbe kipimo ndicho kilichokuwa cha mtu mwingine. Nilipolijua hilo niliacha kuuomba msamaha uso wangu, nikaanza kuutafutia mwanga wake.

Ngozi nyeusi inajieleza kwa mng'ao. Mwanga unapogusa shavu, kinachokuonyesha umbo ni ile sehemu inayorudisha mwanga, na sura ya mng'ao huo inatokana na ukubwa wa chanzo chake. Taa ndogo hukupa nukta kali. Dirisha kubwa hukupa utando mpana, laini, unaoteremka toka kwenye mfupa wa shavu hadi taya. Ndipo nikazima taa zote, nikaketi ubavuni mwa dirisha, na ndipo reflekta ilipoingia nyumbani.

Siku ilipofika ilinitia hofu. Ukiifungua mfuko wake hairuki taratibu, inafyatuka. Ilimkosa mwanangu kidogo tu na ikaangusha kikombe. Imekunjwa ina upana wa kama theluthi ya ukubwa wake, imefunguliwa inajaza nusu ya kochi. Kuikunja ndiyo shughuli yenyewe. Karatasi iliyokuja nayo ilikuwa na michoro mitatu isiyoeleweka, na nilihangaika nayo sakafuni karibu nusu saa. Siri ni hii: shika kingo mbili zinazotazamana, kiganja kimoja kikiangalia juu na kingine chini, kisha zungusha mikono kinyume kama unayekamua shuka lililofuliwa, huku ukivileta viganja pamoja. Duara litajikunja lenyewe mara tatu. Ukitumia nguvu bila kuzungusha, utapinda waya wa ndani.

Sasa nyuso zake. Ya fedha ndiyo wauzaji wanayoipiga debe, nami nilianza nayo. Inarudisha mwanga mwingi, kweli, lakini kwa ukali uleule wa taa niliyoikimbia: jasho dogo juu ya mdomo linawaka kama vioo. Nimeitumia mara mbili, siku za mawingu mazito. Ya dhahabu nimeitumia mara moja na sitarudia. Ngozi yangu iligeuka rangi ya shaba, na weupe wa macho ukawa wa manjano kama mtu mwenye homa ya ini. Nyeupe ni nzuri, tulivu. Ukiiweka upande wa pili wa dirisha inajaza kivuli kidogo bila kujitangaza, na ndani ya jicho inaacha hilali hafifu chini ya mraba wa dirisha. Ukivuta picha karibu utaona hata fremu ya dirisha kwenye mboni, ndogo kama chembe ya mchele. Mimi huitazama hiyo kwanza kila ninapopiga. Jicho lisipokuwa na kile kimraba, hata tabasamu liwe zuri vipi, picha naifuta.

Iliyonibadilishia kila kitu ni nyeusi.

Nilikuwa sijui hata kwa nini ipo. Nilidhani ni ya kufunika tu. Sebule yangu ina kuta nyeupe, na kuta nyeupe ni reflekta zenyewe: mwanga ukishaingia dirishani unarukaruka chumba kizima na kukujaza pande zote. Hivyo upande wangu wa kulia, ambao ulipaswa kuwa na kivuli, ulikuwa na mwanga wa kijivu usio na maana. Siku moja niligeuza gamba, nikausimamisha ule upande mweusi kwenye kiti, kama nusu mita toka shavu langu la kulia, nikapiga. Nilipoitazama picha niliishiwa maneno. Shavu lilikuwa limepata ukingo. Mfupa ulikuwa umejitokeza, chini yake kivuli kinateremka polepole hadi kwenye taya, na kwenye daraja la pua umebaki uzi mmoja wa mwanga. Hata alama ya kovu dogo niliyoipata utotoni karibu na jicho ilionekana. Sikuwa nimeongeza mwanga wowote. Nilikuwa nimeupunguza, na ndipo uso wangu ulipoonekana.

Toka siku hiyo mpangilio wangu haujabadilika sana. Dirisha kushoto kwangu, mimi nimeketi kama mita moja toka kwake, mwili umeelekea dirishani na uso umerudi kidogo kwenye kamera. Reflekta nyeusi kulia. Nyuma yangu mita mbili hakuna kitu, ili ukuta uingie gizani. Jua likipiga moja kwa moja, naivua gamba na kukiegemeza kile kitambaa chepesi cha katikati dirishani, nalo dirisha zima linakuwa taa moja kubwa laini. Kwa kitambaa hicho peke yake reflekta imelipa thamani yake. Kile na nyeusi ndivyo ninavyovitumia, vingine vitatu ni abiria.

Simu nayo lazima ielekezwe, maana ikiachwa hujiamulia. Ikiona giza jingi nyuma yangu inadhani picha nzima ni nyeusi mno, inaongeza mwanga, na uso unageuka kijivujivu. Kwa hiyo nabonyeza kidole pale uso ulipo, nashikilia hadi ifunge mahali pa kulenga na kiasi cha mwanga, kisha nateremsha kile kijua kidogo kwenye skrini mpaka sehemu inayong'aa zaidi ya paji la uso ibaki na rangi ya ngozi. Lakini nabonyezaje usoni kwangu na mimi niko nyuma ya simu? Nasimamisha ufagio kwenye kiti, nimeuvisha kilemba changu ili urefu ulingane na kichwa. Nalenga kilemba, nafunga, naondoa ufagio, nakaa palepale. Mwanangu anaona ni mchezo. Yeye ndiye anayeushika ufagio, na ameanza kunisahihisha: "Mama, umekaa mbele kuliko ufagio."

Mtu asiogope picha yake ya kwanza ikimchukiza, hata kama mwanga ni mzuri. Sisi tunajijua kwa kioo, na kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Mwaka 1977 watafiti waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walielekea kuipenda ile ya kioo, rafiki zao waliipenda ile ya kawaida. Mimi mgawanyo wa nywele zangu uko upande, na kwenye picha ilionekana kama kichwa kizima kimehama. Nilimtumia dada yangu picha zote mbili bila kumwambia lolote. Akajibu, "Hii ya pili ndiyo wewe. Ya kwanza sijui umefanya nini." Ya kwanza ilikuwa ya kioo. Toka hapo siigeuzi.

Kuhusu kuhariri nitasema machache. Narekebisha rangi, kwa sababu mwanga wa dirishani wakati mwingine ni wa bluu. Balbu ya sebuleni nimeshaizima kabla, maana balbu ya manjano na mwanga wa mchana vikikutana usoni hakuna programu inayovipatanisha. Nakata kingo. Chunusi ya wiki hii naiondoa, kwa kuwa wiki ijayo haitakuwapo. Kovu nimeliacha. Kile kitufe cha kulainisha ngozi sikigusi kabisa, na nawasihi msikiguse: kinafuta vinyweleo, na vikishafutika hata ule utando wa mng'ao uliouhangaikia unakuwa plastiki.

Kasoro za reflekta zipo na zinaudhi. Zipu ya gamba ilikatika meno mwezi wa nne, nimeshona vifungo vitatu badala yake. Upande wa fedha umeanza kumenyeka kwenye mikunjo. Ilinuka mpira siku za mwanzo hadi nikaianika nje siku mbili. Haina mguu wake wa kusimamia, kwa hiyo ukiwa peke yako utategemea kiti, na feni ikiwashwa inaanguka. Anayepiga picha ya uso na mabega atatosheka na ukubwa huu. Nimewahi kushika ya sentimeta 60 ya rafiki yangu na haifiki hata kifuani. Na kwa asiye na hela ya kununua sasa hivi, shuka jeusi kwenye mgongo wa kiti na pazia jeupe jepesi vitampeleka karibu kabisa na hapa. Ningeyajua haya mapema ningeanza hivyo, halafu ndipo ninunue.

Picha iliyopo ukutani niliichapisha ikiwa na upana wa sentimeta 25 na urefu wa 33, kiasi ambacho faili ya megapikseli 12 inakibeba bila kuchoka. Nimeitundika kwenye ukuta usiopigwa na jua. Nimevaa blauzi ya buluu nzito, kichwa nimekiinamisha kidogo, sicheki. Mwanangu alisimama mbele yake muda mrefu, halafu akauliza kama na yeye anaweza kukaa kwenye kiti kile. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijazunguka upande wa dirisha, nitamshikia ufagio.