Chai ya maganda ya kahawa: ipi ya kununua ukifuata harufu na ladha

Maganda ya tunda la kahawa sasa yanauzwa kama chai kwenye migahawa ya kahawa na maduka ya mtandaoni, na bei zinapishana kiasi kwamba mnunuzi hajui analipia nini. Kwa maoni yangu unalipia kitu kimoja kabla ya vingine vyote: namna ganda lilivyokaushwa. Tunda likishamenywa, ganda bichi limejaa maji na sukari, na kwenye joto huanza kuchacha ndani ya saa chache. Aliyeliwahi siku ileile, akalitandaza kwa tabaka jembamba kichanjani na kuligeuzageuza, anakuuzia harufu ya tunda. Aliyeliacha lundoni anakuuzia harufu ya pombe, kisha ya ukungu. Aina ya mbuni, mwinuko wa shamba na jina la nchi huja baada ya hapo. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kile kinachosikika puani na ulimini.

1. Kaskara: ganda lililomenywa likiwa bichi na kukaushwa kichanjani

Kwenye pakiti utaikuta imeandikwa cascara, na ndiyo ninayoiweka juu bila kusita. Kahawa inapochakatwa kwa kuoshwa, cheri mbivu, yaani matunda ya kahawa, hupita kwenye mashine ya kumenyea, punje zikaenda upande wake na ganda likabaki na nyama na ute kidogo. Nyama hiyo ndiyo yenye sukari na uchachu, na ndiyo inayokupa kikombe chenye ladha. Likikauka vizuri ganda hujikunja, likawa na rangi ya zabibu kavu au wekundu uliofifia, na ukilibana kati ya vidole linapinda kidogo kabla ya kuvunjika.

Tia gramu 6 kwenye mililita 300 za maji yaliyotoka kuchemka, funika, subiri dakika nne au tano. Mvuke wa kwanza unanukia choya. Ukipoa kidogo huja zabibu, tende, na ukwaju kwa mbali. Kaskara za mbuni wa Gesha kutoka Panama na Kosta Rika mara nyingi huongeza maua. Mdomoni huanza na uchachu mwepesi, utamu wa asali unafuata ukishameza. Ladha ya kahawa iliyokaangwa usiitafute humu, haipo, na wengi wanaokatishwa tamaa na chai hii ni wale walioitarajia. Ukiiacha majini muda mrefu hukaza ulimi, kwa hiyo chuja kwa wakati. Kwa siku za joto iloweke kwenye maji baridi, uiweke kwenye friji usiku kucha: uchachu unatulia na ladha ya tunda inabaki safi. Kafeini imo, ila kwa kawaida ni kidogo sana ukilinganisha na kikombe cha kahawa.

Sifa ya kaskara katika soko la kahawa bora inahusishwa sana na Aida Batlle, mkulima wa Santa Ana nchini El Salvador, aliyesikia harufu kama ya choya kwenye maganda makavu ya shambani kwake akaamua kuyaloweka kwenye maji ya moto. Shamba lake mojawapo linaitwa Kilimanjaro, na ndilo lililoshinda Cup of Excellence, shindano la kahawa bora, ya nchi hiyo mwaka 2003. Nafurahi kila nikilikumbuka jina hilo, kwa sababu Kilimanjaro yenyewe, pamoja na Mbinga, Mbozi, nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi, ina kahawa ya kuoshwa ya kutosha kutoa kaskara ya daraja la kwanza. Sehemu kubwa ya ganda hilo huishia kuwa mboji. Ukipata mkulima au chama cha ushirika kinachoikausha kwa ajili ya kunywa, anza hapo kabla ya kuagiza ya ng'ambo.

Lakini uliza. Lilimenywa lini, lilikaukia wapi, na mibuni ilipuliziwa nini? Dawa za chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda ya kahawa, hutua juu ya ganda lenyewe, na hapa ganda ndilo unalolitia kwenye kikombe. Muuzaji asiyejua shamba lilikotoka ganda hawezi kulijibu swali hilo, na mimi singenunua kwake.

2. Kishri ya Yemen

Mifuko huandikwa qishr. Hapa tunda zima hukaushwa juani likiwa na punje ndani, mara nyingi juu ya mapaa ya nyumba, kisha hukobolewa. Nyama imekaukia kwenye ganda, kwa hiyo ganda ni jembamba na linavunjika upesi, na harufu yake ni tulivu zaidi: tende kavu, mbao, na nyasi zilizokauka. Kwa miaka mingi Wayemeni waliuza punje nje na kunywa maganda nyumbani, na wamejua la kuyafanyia. Huyachemsha pamoja na tangawizi na sukari, pengine na mdalasini au iliki.

Ikinywewa peke yake, kishri ni nyepesi mno, ndiyo maana iko nafasi ya pili. Ikitiwa tangawizi inabadilika kabisa. Ule ukali unapanda kwanza, halafu utamu wa tende unaushika chini, na unaanza kuelewa kwa nini watu hawakuihitaji punje. Mtu wa pwani aliyezoea kahawa ya tangawizi kwenye kikombe kidogo ataipenda kuliko kaskara, na kwake ningeipa nafasi ya kwanza. Walioko Omani na kwingineko Ghuba wana bahati ya kuipata kwenye maduka ya viungo. Chagua maganda mazima au nusu nusu, yenye rangi moja. Chota kutoka chini ya gunia, si juu, uangalie vumbi na vijiwe. Iliyosagwa iache, kwa sababu huwezi kujua kilichosagwa nayo.

3. Hashara na sultana

Hashara ni ya Ethiopia, hasa upande wa Harar, na kwa tabia ni ndugu wa kishri. Sultana ni ya Bolivia. Ganda lake hukaangwa kidogo, na mara nyingi huchemshwa na mdalasini. Moto unaua harufu ya maua lakini unaleta sukari iliyoungua na moshi kidogo. Ni nzuri jioni ya baridi.

4. Vifuko vya chai

Rahisi kutumia, na harufu yake hafifu, maana ganda lililopondwa hupoteza manukato haraka. Nyingi zimechanganywa. Ukisoma viambato ukakuta choya imetangulia, unanunua choya.

5. Sirapu ya kaskara

Hii ilijulikana zaidi Marekani mwaka 2017, Starbucks walipoleta latte ya kaskara. Kinachosikika zaidi ni sukari, tunda liko mbali.

Rafu hiyohiyo huwa na chai ya majani ya mbuni, ambayo nimeiacha nje ya orodha kwa sababu haitokani na tunda. Ladha yake iko karibu na chai ya kijani. Ndugu walio Ulaya, Umoja wa Ulaya uliruhusu chai ya majani hayo mwaka 2020 na maganda makavu ya tunda mwaka 2022, kwa hiyo duka linalouza kaskara leo halina sababu ya kukuficha ilikotoka.

Popote ununuapo, anza na gramu 100, na ufungue pakiti upate harufu yake kabla ya kuongeza. Harufu ya siki ina maana ganda lilichacha kabla ya kukauka. Vumbi jeupe au la kijivu kwenye mikunjo, au harufu ya gunia lililolowa, ni ukungu, na ukungu wa kahawa unaweza kuacha sumu ambayo maji ya moto hayaiondoi. Tupa pakiti nzima. Usishawishike pia na maganda ya bei ya chini kutoka kwenye viwanda vya kukoboa. Mengi ni ngozi kavu ya punje isiyo na nyama yoyote, nayo hukusanywa sakafuni kwa ajili ya tanuri na mboji. Na ukiwa Kagera, mweleze muuzaji kwamba unataka ganda tupu la kutengenezea chai, la sivyo atakupimia kahawa ya maganda, yaani tunda kavu likiwa bado na punje ndani.