Miche ya mkungumanga iliyobebeshwa: nilicholipia sicho nilichopewa

Nilinunua kwenye kitalu kimoja miche 30 ya mkungumanga wa aina bora, iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha mti mzuri kimeungwa juu ya mche wa mbegu, nikahakikishiwa kwamba yote ni majike. Miaka saba imepita, kama si minane, na 11 kati ya hiyo imegeuka kuwa miche iliyoota kwa mbegu tu. Msinunue kwenye kitalu kile. Nitaeleza kwa nini, na hasira yangu sitaificha.

Mkungumanga una mti dume na mti jike. Ukipanda mbegu, karibu nusu ya shamba hutoka madume, na huwezi kuyatambua mpaka yachanue, mwaka wa sita hadi wa nane. Dume halikupi kungumanga wala basibasi, ule wavu mwekundu unaolifunika kokwa. Linatosha moja kwa kila majike kumi, kwa ajili ya chavua tu. Anayelipia mche uliobebeshwa analipia kikonyo kilichokatwa kwenye jike linalojulikana, ambalo ukubwa wa kokwa lake na unene wa basibasi yake vimeshaonekana. Kikonyo kikifa, umebaki na mche wa kubahatisha.

Basi vikonyo 11 vilikufa kitaluni. Machipukizi yakatoka chini ya kiungo, pale kikonyo kilipoungwa, kwenye shina la mbegu, wakayaacha yakue, wakaniuzia. Mche mmoja nilipoupekua majani ya chini nilikuta kisiki cha kikonyo, kirefu kama kidole gumba, kikavu, cheusi, bado kimezongwa utepe wa nailoni. Sentimita tatu chini yake ndipo lilipoanzia lile shina la kijani lililonivutia siku ya kununua. Aliyeumwagilia mche ule kila siku alikiona kisiki kile. Alikiona!

Nilipowapigia simu, bwana aliyepokea alisema nimefukia kiungo udongoni kikaoza. Kufukia kiungo ni kosa kweli, linaua miche mingi, hasa mahali penye mvua nyingi. Lakini viungo vyangu viko juu ya udongo shubiri nzima, na kisiki kilichooza ardhini hakibaki kikavu na utepe wake. Nikamweleza hivyo. Akanijibu, "Mti dume nao ni mti, mzee wangu, vumilia," akakata. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Kwa hiyo ukienda kununua, popote pale, shika mche uukague kabla hujatoa pesa. Tafuta mshono, yaani alama ya pale kiungo kiliposhikana: gome la juu na la chini hutofautiana rangi, na shina lazima lipite juu ya mshono, lisianzie chini yake. Utepe ukiwa bado umefungwa na kiungo kimeshashikana, ufungue, la sivyo utalikaba shina. Tazama pia matawi. Kikonyo kilichokatwa kwenye tawi la pembeni hukua kwa kulala, majani yakijipanga pande mbili, nao mti hubaki mfupi kama kichaka. Mti huo huzaa vizuri na kuchuma ni rahisi, tena unaweza kuupanda kwa nafasi ya mita 5. Kilichokatwa kwenye chipukizi lililosimama hutoa mti ulionyooka, nao unataka mita 8 au 9. Muuzaji asiyejua alichokata wapi, mwache.

Ua likitokea, lipasue kwa wembe. Ukikuta nguzo moja katikati, iliyozungukwa na chavua, ni dume. Jike lina tumbo pana na kifuko cha mbegu ndani, na maua yake huwa machache, wakati ya dume hutoka kwa vichala.

Sasa niseme na hili, maana ni haki: ile 19 iliyobaki ni mizuri ajabu. Ilianza kuchanua mwaka wa nne, chini ya kivuli cha migomba, kwenye udongo wenye matandazo mazito usiotuamisha maji. Tunda likipasuka lenyewe mtini, basibasi imelikumbatia kokwa kwa wavu mwekundu, mnene, usio na mapengo. Unaubandua mzima bila kuuvunja. Ukianikwa siku chache hugeuka rangi ya manjano ya kahawia na harufu yake haikatiki. Kwa miti hiyo peke yake ningewapa alama zote, na nikipata mahali wanapouza vikonyo vya majike yale yale nitanunua tena. Huenda hata kwao, mradi nikague mche mmoja mmoja.

Halafu nikipita kwenye yale madume sita yaliyokwisha kuchanua kati ya ile 11, naifuta alama. Nafasi ya miaka saba, samadi, kivuli, vyote vimeliwa na miti ambayo sikuihitaji. Mawili nitayaacha kwa chavua. Manne nitayakata yachipue, kisha machipukizi niyabebeshe vikonyo vya majike yangu mwenyewe, mvua zikianza.