Mafunzo ya siku moja ya kuandika matangazo ya kijiji: nyota nne kati ya tano

Nilichaguliwa mwenyekiti wa kijiji Novemba 2024, na tangazo langu la kwanza la mikopo ya asilimia 10, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, halikuleta kikundi hata kimoja. Niliandika: "Wanufaika watarajiwa wanaelekezwa kuwasilisha maandiko ya miradi kwa mujibu wa taratibu." Nilidhani ndivyo serikali inavyoongea.

Mkufunzi alilibandika ukutani, akamwita mama anayetupikia chai alisome kwa sauti. Alifika kwenye "watarajiwa" akasimama. Akauliza, "Mwenyekiti, hapa mnamwita nani?" Nilijisikia vibaya, maana yeye na wenzake wana kikundi cha kufuma vikapu.

Tukaliandika upya: "Mkopo wa halmashauri hauna riba. Ni wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Njoo ofisi ya kata Jumatano saa 3 asubuhi, uliza afisa maendeleo ya jamii." Mama akasoma mpaka mwisho, akauliza waje wangapi. Hilo zoezi peke yake linatosha kumtoa mtu nyumbani.

Nyota moja naikata kwa sababu ya mapato na matumizi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na hapo ndipo watu wanapotubana, lakini kusoma hesabu mbele ya wananchi kulipewa dakika kumi tu, jioni, watu wameshachoka. Chai na mihogo vilikuwa vizuri.

Watendaji wa vijiji nao waitwe. Wao ndio wanaoshika kalamu.