Siku Mbili Dar es Salaam: Vivutio Vipi Vinastahili Saa za Mgeni?

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo sina kifaa mezani cha kufungua mbele yenu, kwa sababu bidhaa ninayoichambua ni siku ya mgeni ndani ya Dar es Salaam, nami nataka kuipima kama ninavyopima simu au jiko la gesi: ninapata nini, na ninalipa nini. Malipo hapa si fedha sana, maana viingilio vya vivutio vyetu vingi ni vidogo kwa raia. Malipo ni saa, na katika jiji hili saa huliwa na foleni.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tabora kwa ajili ya harusi, na baada ya shughuli akabaki na siku mbili. Siku ya kwanza nilimpangia sehemu sita, kuanzia Posta, nikapita Mwenge, hadi Kunduchi. Tulifika tatu. Jioni nilipomuuliza ameona nini, alinijibu kwa upole, "Nimeona magari, baba." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mji ninaoupenda ulikuwa umemchosha mtu ninayempenda. Siku ya pili tulikwenda sehemu chache, zote za kutembea kwa miguu, na mpaka leo akinipigia simu anazitaja. Tangu hapo nina maswali mawili tu ninayokiuliza kila kivutio: je, kuna mahali pa kuingia, kukaa au kuzungumza na mtu, au ni pa kupigia picha tu? Na je, kipo jirani na kingine kinachofaa?

Ninaanza na Feri, yaani soko la samaki la Magogoni, na nalipatia alama za juu kabisa kwa sharti moja: ufike asubuhi, kabla ya saa mbili. Kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi cha Kivukoni kiko hatua chache tu, hivyo hata aliyefikia Kimara anaweza kuamka mapema akafika bila gari la kukodi. Saa hizo wavuvi wanashusha samaki, dalali anataja bei kwa sauti inayokwenda mbio kuliko sikio la mgeni, wanunuzi wanaongeza kwa ishara ya kidole, na ndani ya dakika chache fungu la changu au ndoo ya ngisi imepata mwenyewe. Mbele kidogo wapo wanaopaa magamba kwa malipo madogo, kisha wapo wakaangaji, na mtu anaweza kumfuata samaki mmoja kutoka mtumbwini hadi kwenye sahani yake. Ukifika saa sita mchana utakuta harufu na jua, na utaniambia nimekudanganya. Vaa viatu vya kufunika vidole, kwa maana sakafu ina maji, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kwa sababu yule yuko kazini. Kamera izimwe kabisa unapopita jirani na Ikulu.

Kutoka Feri fuata barabara ya ufukweni kuelekea katikati ya mji. Kanisa la Azania Front, la Kilutheri, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Kikatoliki, yote mawili yalijengwa wakati wa Wajerumani, yakakamilika mwaka 1902, na yote yanatazama bandari. Ukikuta mlango uko wazi na hakuna ibada, ingia ukae dakika kumi. Ukikuta umefungwa, endelea na safari bila kinyongo.

Sanamu ya Askari ndiyo inayonipa taabu kuipa alama. Iko kwenye makutano ya Barabara ya Samora, imesimama kwenye mzunguko uliozungukwa na magari, na mgeni wa kawaida huipiga picha kupitia dirisha la gari, kisha huenda zake. Kwa namna hiyo haistahili hata dakika tano. Lakini shangazi yangu alikaa pale karibu nusu saa, kwa sababu nilimsimulia. Mahali hapo, kabla ya Waingereza, palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, mtawala wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 wakaizindua hii ya shaba ya askari wa Kiafrika, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake hayawakumbuki askari peke yao, bali pia wapagazi, ambao wanaitwa pale miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao walibeba risasi na chakula cha majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, wakafa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Sasa tazameni jambo hili. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na eneo la mji walikokuwa na kambi likabaki na jina hilo kama lilivyotamkwa na wenyeji: Kariakoo. Kwa hiyo askari alipata shaba, mpagazi akapata soko. Mimi nimezaliwa katika jiji hili, nimenunua nguo za shule Kariakoo tangu utotoni, na nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba jina hilo ni la watu waliobeba mizigo. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akanieleza kwamba babu yake aliondoka kijijini wakati wa vita hivyo na hakurudi. Sikuwahi kulisikia hilo nyumbani. Alama zangu kwa Sanamu ya Askari, basi, ni hizi: bila msimulizi, pita; ukiwa na msimulizi, simama, ikiwezekana Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu.

Je, Kariakoo yenyewe? Nenda ukiwa na cha kununua. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli katika miaka ya 1970, lilikuwa linastahili kutazamwa kama kazi ya usanifu, lenye nguzo pana juu mfano wa miavuli, lakini liliungua Julai 2021, na mitaa inayolizunguka ni ya kazi na ya msongamano. Mgeni asiye na orodha ya manunuzi anaugua kichwa tu.

Umbali wa kutembea kutoka Samora uko Mtaa wa Shaaban Robert, na hapo ndipo penye Makumbusho ya Taifa. Ukiniruhusu kuchagua mahali pamoja tu katika jiji zima, nachagua hapa, na naomba uingie na saa mbili kamili. Wengi huingia wakiwa wamechoka, wakapita vyumba vyote kwa dakika ishirini, wakatoka wakisema ni vitu vya kale. Anza na chumba cha asili ya binadamu, kinachoeleza habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959 na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Wanafunzi wetu hulikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani. Kusimama mbele ya fuvu lile na kufikiri kwamba mwenye nalo alitembea kaskazini ya nchi hii ni jambo jingine kabisa. Kisha tafuta vyombo vya udongo na vya Kichina vilivyotoka Kilwa, vinavyoonyesha kwamba pwani hii ilifanya biashara na China na Uajemi karne nyingi kabla ya mkoloni kufika. Nje yapo magari yaliyotumiwa na viongozi wa mwanzo wa nchi, ambayo watoto huyapenda, na bustanini pana kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11 hapa jijini. Mpite pale kwa utulivu. Ombeni mwongozaji mlangoni. Tofauti ya kuwa naye na kutokuwa naye ni kubwa kuliko tofauti ya kiingilio.

Hiyo ni siku ya kwanza, na gari hamjalitumia.

Siku ya pili ni lazima kuchagua upande mmoja, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Ukichagua Barabara ya Bagamoyo, Kijiji cha Makumbusho na soko la vinyago la Mwenge viko jirani, kwa hiyo vinakwenda pamoja. Kijiji hicho, kilichoanzishwa mwaka 1967, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, ukiwemo msonge wa Wahaya na tembe lenye paa la udongo. Uzuri wake ni kwamba unainama na kuingia, unahisi ubaridi wa ndani, unaona ng'ombe alilala wapi na mama alipika wapi. Baadhi ya nyumba zinahitaji matengenezo, na nasema hivyo kwa masikitiko, kwa sababu nyasi na udongo vikiachwa misimu miwili ya mvua havistahimili. Uliza kwanza siku na saa ya ngoma, kwa kuwa kijiji bila ngoma ni kimya mno.

Mwenge nenda ukazungumze na wachongaji kabla ya kununua. Mpingo halisi ni mzito mno, ukiutia majini unazama, na mara nyingi kinyago huachiwa mahali penye ukanda wa rangi hafifu wa mbao iliyo chini ya gome. Kilichong'arishwa cheusi kila upande huku ukikinyanyua ni chepesi, hicho kimepakwa rangi ya viatu. Mimi niliwahi kukinunua, na kilipopata jasho la mkono vidole vyangu vikageuka vyeusi.

Ukichagua bahari, nenda Kunduchi, upande mashua hadi kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi ya bahari, na kabla ya kupanda uangalie magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za kaure. Magofu peke yake hayastahili safari ya kutoka mjini. Yakiunganishwa na kisiwa yanastahili sana. Kubaliana saa ya kurudishwa kabla hujalipa, kwa maana tuliwahi kuachwa kisiwani mpaka jua likazama.

Daraja la Tanzanite ni zuri, lakini ni barabara. Livuke ukiwa safarini. Coco Beach ni ya jioni, ukae, ule mihogo na mishikaki, usiihesabu kama kivutio cha mchana. Na kama saa zimekubana kiasi cha kutokwenda popote, rudi Feri alasiri, upande kivuko cha kwenda Kigamboni pamoja na wanaorudi makwao, usimame ubavuni upande wa mjini, na utaona bandari yote, makanisa yale mawili na maghorofa nyuma yake. Ukifika ng'ambo, usitoke kituoni kwa haraka. Nunua dafu, unywe taratibu, kisha usubiri kivuko cha kurudi.