FM au DAB+: Norwe na Uswisi zilivyochagua

Januari 2017 Norwe ilianza kuzima FM ya kitaifa na kuhamia DAB+, yaani redio ya kidijitali inayorushwa hewani, ikianzia mkoa wa Nordland. Kufikia Desemba kazi ilikuwa imekwisha. Redio nyingi ndogo za mitaani zilibaki FM. Uswisi, shirika la umma SRG liliizima FM yake mwishoni mwa 2024.

Kwa hesabu, DAB+ inashinda. Masafa mamoja hubeba stesheni kumi na zaidi, ilhali kwenye FM kila stesheni hudai nafasi yake kati ya MHz 87.5 na 108. Kwa nchi ya milima kama Norwe, yenye minara kila bonde, pesa inayookolewa si ndogo.

Ila ngoja mawimbi yafifie. FM hukwaruza, ukiigeuza antena kidogo, mtangazaji huyo karudi. DAB+ hugugumia kama mtungi unaojazwa maji, halafu kimya. Na redio ya gari la zamani haiidaki mpaka ununue kifaa cha kuongezea.

Zote mbili hazili bando, angalau. Kwenye gari jipya ningechukua DAB+. Jikoni, kwenye kiredio cha betri mbili, niachieni FM yangu.