Vijiti vya kupimia madini kwenye maji: nyota mbili, na moja ni ya huruma

Nakaanga samaki Tudor, Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa, na swali lililonishinda nguvu niliulizwa na mwalimu mmoja anayechukua samaki wawili aina ya changu kila Ijumaa. "Mama, huyu ni wa horini? Hana risasi?" Hori ni ule mkono wa bahari unaoingia barani. Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe mwenzangu ana jamaa zake Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliacha madini ya risasi kwenye damu za watu. Kesi yao ilipanda ikashuka hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 iliyokuwa imefutwa. Mtu wa huko akiuliza habari ya risasi, humjibu kwa kicheko.

Basi nikaagiza vijiti mtandaoni. Chupa ya vijiti 50, shilingi 1,800, bodaboda akaleta kesho yake. Kila kijiti kimebandikwa viraka vya rangi, vidogo kama punje za mchele: risasi, shaba, zebaki, chuma, klorini na vingine. Unachovya, unahesabu sekunde, unalinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa chupa.

Asubuhi maji yalipokupwa, mpwa wangu akaniletea chupa ya maji ya hori na kopo la tope la mikokoni, jeusi, linanuka yai viza. Nikachovya kwenye maji. Kiraka cha risasi hakikubadilika, yaani sifuri. Nikampigia mwalimu papo hapo, nimejaa furaha. Kisha nikajaribu tope. Kijiti kizima kikachafuka. Chini ya taa ya jikoni naona waridi, nikitoka juani naona kahawia. "Shangazi, hicho umekipaka masizi," mpwa wangu akasema, na hakukosea.

Nilishamaliza vijiti vinane nilipovaa miwani na kusoma maandishi ya chini kabisa: visitumike kwa maji ya bahari. Chumvi huvuruga rangi. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu, "Bidhaa ikifunguliwa hairudi, mama." Hilo peke yake nimemkata nyota.

Ubovu mwingine ni vipimo vyenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa risasi kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Chupa yangu inaruka kutoka 0 hadi 20. Mimi ni muuzaji, naijua mizani isiyo na jiwe la nusu kilo: aliyeileta sokoni anajua anachokifanya.

Aliyenifungua macho ni kijana wa maabara moja nilikokwenda kuuliza bei. Bei yenyewe nikairudisha mezani, maana kila sampuli inalipiwa na kila madini yanalipiwa peke yake. Lakini alinieleza bure, nimesimama na kikapu changu. Madini mazito, kama risasi na zebaki, hayakai sana majini. Hunasa kwenye chembe za udongo, yakazama, na tope la mikoko huyashika miaka na miaka. Ndiyo maana maji ya hori yanaweza kupimwa yakaonekana safi ilhali chini kumejaa, na hapo chini ndipo kaa, kome na mkizi wanapojitafutia riziki. Samaki hupimwa kwa nyama yake: hukaushwa, huyeyushwa kwa asidi, mashine ikasoma. Mpaka wa kimataifa wa risasi kwenye samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo. Kijiti cha kuchovya hakijui hata mlango wa habari hiyo.

Nikamuuliza kama mafuta ya moto yanasaidia. Akatikisa kichwa: kukaanga kunaua vijidudu, madini hayaungui. Ila risasi na kadimi, dini jingine zito, hupenda maini, figo na matamvua kuliko mnofu, kwa hiyo sasa namsafisha samaki mpaka ndani kabisa, na ule uji wa kahawia wa ndani ya kaa nautoa wote, japo wazee wananinunia. Zebaki ndiyo haifuati kanuni hiyo, hujikita mnofuni, na huzidi kwa samaki wanaokula samaki wenzao. Papa, nduwaro, jodari mkubwa. Nikamkumbuka yule papa mkavu ninayemsifu kila Ramadhani, ambaye horini hajawahi kukanyaga. Wenye mimba siwauzii papa siku hizi, nawapa vibua au tafi.

Nyota ya pili? Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa maji ya bomba. Kwa maji ya bomba kijiti kinafanya kazi vizuri, rangi inatoka wazi, na kimeniokoa mara moja kununua madumu ya mkokoteni yaliyoapiwa kuwa ni ya bomba. Kwa kazi hiyo, ukivipata kwa nusu ya bei, chukua.

Mwalimu nilimpigia tena kumwambia lile jibu langu la kwanza alifute. Ijumaa alikuja, akauliza changu wametoka wapi. Nikamwambia nje ya mwamba, si horini. Akachukua wawili kama kawaida. Vijiti vimebaki 36. Jirani mwenye kutaka kupima klorini aje na kikombe chake.