TAHADHARI: Mkalimani wa Kiholanzi na Kiarabu aliyekuja siye tuliyemlipia

Wakuu, kama unatafuta mkalimani wa Kiholanzi na Kiarabu kwa kazi ya kiufundi, soma hii kabla hujatuma kianzio. Sisi tumeshalizwa.

Tulikuwa na wahandisi wageni, wazungumzaji wa Kiarabu, waliokuja Uholanzi kushuhudia majaribio ya pampu kabla ya kuzipokea. Wakala niliyemkuta mtandaoni akanitumia wasifu safi: mkalimani aliyeapishwa, namba ya Wbtv (sheria ya Uholanzi ya wakalimani na watafsiri walioapishwa) ipo, uzoefu wa miradi ya maji. Bei chini kuliko wote. Akataka nusu mbele. Benki ikanionya kwamba jina la mwenye akaunti halilingani na la wakala. Nikaambiwa ni akaunti ya mhasibu wao. Nikabonyeza endelea. Hapo simlaumu mtu.

Siku ya kazi akaja kijana mwingine kabisa. "Mwenzangu anaumwa." Wageni wamefika, pampu zinanguruma, ungefanyaje?

Haukupita muda fundi wetu akasema "de leiding lekt". Leiding ni bomba, lakini pia ni uongozi. Wageni wakaambiwa uongozi unavuja. Wakatazamana, mmoja akacheka. Kisha ikaja kraan, ambayo ni koki na ni winchi vilevile. Sisi tunasema koki ifungwe, wao wanaangalia juu kutafuta winchi. Ndipo nikaiona simu mapajani: kijana anaingiza neno mojamoja kwenye programu ya kutafsiri! Lilipotajwa spanning nikasimamisha zoezi zima. Neno hilo ni volteji ya umeme, na pia ni mkazo ndani ya chuma. Uongozi kuvuja tutacheka, umeme hapana.

Jioni nikaingia kwenye Rbtv, rejista ya Uholanzi ya wakalimani na watafsiri walioapishwa. Iko wazi mtandaoni kwa yeyote. Ningeifungua wiki mbili kabla nisingekuwa naandika haya. Namba ile ilikuwepo, ya mtu wa kweli. Nikampigia kwa simu iliyo kwenye rejista, siyo ile ya kwenye wasifu. Akasema yeye hatujui kabisa. Wasifu ni wake, wameubadilisha barua pepe na simu tu. Aliumia kuliko mimi, maana jina linalochafuka ni lake.

Na hata namba ikiwa halali, kiapo hakikwambii kama mtu anaijua pampu. Hiyo Wbtv, sheria iliyoanza 2009, iliwalenga zaidi mahakama, polisi na uhamiaji. Muulize amewahi kufanya kazi kwenye mitambo gani, na Kiarabu chake ni cha wapi: fundi wa Morocco huchanganya maneno mengi ya Kifaransa ambayo wa Iraq hayajui.

Dalili kubwa niliyoipuuza ni kwamba hakuna aliyeniomba michoro wala mwongozo wa mashine. Nikadhani ni uzoefu. Mkalimani wa kazi hizi hukusumbua kwa nyaraka siku kadhaa kabla, mpaka uchoke. Halafu waliahidi mtu mmoja atafsiri papo kwa papo kutwa nzima, kazi ambayo wenyewe huifanya wawili, wakipokezana kila nusu saa hivi.

Kianzio hakijarudi. Simu ya wakala inaita tu. Tangazo jana nimeliona tena: jina jipya, picha mpya, maelezo yaleyale na bei ileile.